Ita Kwanza, Andika Baadaye

Nesi aliita mara tatu.

Mara ya kwanza alisoma kadi kama ilivyoandikwa: "Muntasiri!" Kwenye mabenchi ya kliniki hakunyanyuka mtu. Mara ya pili likamtoka "Mutasiri." Kimya. Mara ya tatu akaliacha, akasoma jina la baba, na hapo mama mmoja wa mstari wa nyuma akashtuka, akamkusanya mwanawe pamoja na kanga, akakimbilia kwenye mizani. Muda wote ule alikuwa akimbembeleza mtoto kwa jina jingine kabisa. "Babuu. Babuu wangu. Nyamaza, Babuu."

Muntasiri ni jina zuri. Ni la Kiarabu, maana yake mwenye kushinda. Aliyelichagua bila shaka alimtaka mtoto atakayesimama mbele za watu bila kutetemeka. Ila mtoto amefikisha miezi minne, na mama aliyemzaa halitambui likiitwa hadharani.

Wiki kadhaa sasa jambo hilo halijanitoka. Mzazi anayetaka mtoto mchangamfu, mwenye kujiamini, huanzia kwenye maana: hupitisha kidole kwenye orodha za majina, akikutana na "shujaa" au "mpendwa wa watu" anasimama. Nami nimeanza kuamini kwamba hapo siyo mwanzo.

## Maana inafika wapi

Kiswahili hakijapungukiwa. Kwa mtoto ambaye kukaa naye kunaondoa upweke tuna Anisa, na kwa mvulana Anisi, au Anasi, jina la sahaba aliyemtumikia Mtume tangu utotoni. Kuna Latifa na Latifu kwa wapole wenye huruma, Khalili kwa rafiki wa chanda na pete, Habiba kwa mpendwa, Bashiri kwa mleta habari njema. Furaha, Faraja, Pendo na Neema utawakuta msikitini na kanisani bila ubaguzi. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wana Ineza, yaani wema, na Munezero, yaani furaha.

Upande wa kujiamini, tazama neno lenyewe. Ndani ya kujiamini mna amini, na mzizi huo mmoja wa Kiarabu ndio uliotuzalia Amina, Amini, Amani na Imani. Wapo wanaolikwepa Amina kwa kuliona jina la kibibi. Walisikilize tena: mwaminifu, aliye salama, wa kutegemewa. Sioni jina jingine lililo karibu zaidi na kujiamini.

Lakini maana hazitulii mahali pamoja.

Mwambie kijana wa mjini neno kubashiri, na mawazo yake yatafika kwenye mkeka wa mechi za Jumamosi kabla ya kufika kwenye habari njema. Sadiki nalo limejaa kuliko lilivyotoka: kwa Kiarabu rafiki na mkweli ni maneno mawili yenye matamshi tofauti, yakishavuka bahari yanakuwa jina moja, kisha Kiswahili kinaweka kusadiki kwake juu. Orodha ya majina itakupa maana moja tu, na mara nyingi ni ile ambayo mtaani kwako hakuna anayeisikia.

Tena mwenye jina anaweza kuifuta maana kabisa. Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito, aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wameivamia nchi. Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa 1922, alipewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943. Nani leo akisikia Nyerere anaona kiwavi?

Au chukua msichana wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa binti Saad. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Siti, bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo sauti yake ikaingia kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928.

Kama kiwavi hakikumzuia mtu kuwa kiongozi wa nchi, mshindi litamsukumaje mtoto mwingine awe mshindi?

Shaka hiyo ilinikalia vizuri mpaka nilipolirudia tena lile simulizi linalosikika sana kwenye darasa za msikitini. Mtume alimwuliza mtu jina lake. Akajibu: Hazni, yaani mgumu, kama ardhi ya mawe. Mtume akamwambia, wewe ni Sahli, mwepesi, kama ardhi tambarare. Yule bwana akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, alisimulia kwamba ugumu ule haukuwatoka tena ukooni.

Wengi hulichukua simulizi hilo kuwa ushahidi kwamba neno lina nguvu. Mimi naona uzito uko kwenye kule kukataa. Kuna mtu alimwita kwa upole, naye hakuitika.

## "Furaha yupo?"

Kuna jaribio ambalo majina mengi mazuri hukwamia, nalo hufanyika mlangoni.

Mapokeo ya Kiislamu yanayo tangu zamani. Watu walikatazwa kuwaita vijana wao Yasari, Rabahi, Najihi na Aflahi, majina ya wepesi, faida na kufaulu, kwa sababu iliyo wazi kabisa: mtu atauliza kama yupo, naye hayupo, na jibu litakuwa hapana. Yaani, je, nyumbani mna faida? Hapana.

Sisi tuna Furaha, Amani, Raha, Neema, Baraka, Bahati. Mgeni anabisha hodi, anauliza, "Amani yupo?" Anajibiwa, "Amani ametoka tangu asubuhi."

Kiswahili kina kinga yake, nayo ni ngeli. Furaha amefika ni mtu. Furaha imefika ni jambo. Herufi moja inamwinua mtoto kutoka kwenye kundi la vitu na kumweka kwenye kundi la watu, na mtoto hujifunza tofauti hiyo mapema kuliko tunavyodhani. Ila watoto wenzake nao hujifunza. Uwanjani watasema "Amani imetoweka" wakijua wanachofanya.

Silikatai jina kwa sababu hiyo. Baraka na Neema ni majina yaliyozoeleka kiasi kwamba sikio halisimami tena kwenye maana. Neno adimu ndilo hatari. Bashasha, kwa mfano, ni neno tamu ajabu kwa mtoto mcheshi, lakini kwa kuwa si wengi wanaoitwa hivyo, kila atakayelisikia atamtazama mtoto usoni kuona kama anacheka. Siku aliyonuna, jina litamsuta.

## Sauti inayovutia, na mpaka wake

Mwaka 1929 mwanasaikolojia wa Kijerumani Wolfgang Köhler aliandika juu ya maumbo mawili, moja la mviringo na jingine la ncha kali, na maneno mawili yasiyo na maana: takete na baluma, ambalo baadaye alilibadili likawa maluma. Watu wengi huliweka takete kwenye ncha na lile jingine kwenye mviringo, bila kuambiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walilipeleka jambo hilo kwenye majina ya watu na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Majina yenye sauti laini zinazotiririka, kama m, n na l, wasikilizaji waliyahusisha na watu wapole, rahisi kuelewana nao. Yenye p, t na k waliyahusisha na wachangamfu wanaopenda kujichanganya. Waliojibu walikuwa wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo usiyabebe yote mzimamzima. Hata hivyo sikio la Kiswahili halitashangaa. Sema Amina, Salma, Neema, Anisa: midomo haigongani kwa nguvu popote. Sema Titi, Tatu, Kito: ulimi unapiga, jina linaruka.

Kama makala ingeishia hapo, ushauri ungekuwa rahisi: changanya m ya upole na t ya uchangamfu, umemaliza.

Watafiti walewale hawakuishia hapo. Waliwachukua watu zaidi ya 1,000 wakalinganisha tabia zao halisi na sauti za majina yao.

Hawakupata uhusiano.

Hapo ndipo nilipobadili swali. Sauti inamfanya msikilizaji ategemee kitu. Haimfanyi mtoto awe kitu. Faida yake ni ya sekunde chache za mwanzo, pale mgeni anaposikia jina kabla hajamjua mtu. Sekunde hizo si za kudharau, maana maishani zitarudi mara nyingi: siku ya kwanza shuleni, kwenye usaili wa kazi, ukweni. Lakini jina halifanyi kazi zaidi ya hapo kwa sauti yake peke yake. Kazi nyingine yote inafanywa na wale wanaoliita.

## Watalikata, na watalikata pawili

Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. A-NI-sa. Ba-SHI-ri. Unapomwita mtu aliye mbali, irabu ya mwisho inavutwa: Anisaaa! Ndiyo maana jina la silabi mbili au tatu, linaloishia kwa irabu wazi, linasafiri vizuri hadi mwisho wa mtaa. La silabi nne au tano halisafiri, kwa hiyo watu watalikata. Hawatakuomba ruhusa.

Kuna njia mbili za kukata, na hata la silabi tatu halisalimiki kila mara. Ya kwanza huchukua silabi za mbele: Ramadhani anakuwa Rama, Selemani anakuwa Sele, Ibrahimu anakuwa Ibra, Mwajuma anakuwa Mwaju. Ya pili hushika pale kwenye mkazo na kuelekea nyuma, wakati mwingine ikigeuza sauti kidogo: Rashidi anakuwa Chidi, Khadija anakuwa Dija, Abdallah anakuwa Dula.

Kwa hiyo kata jina mwenyewe kabla mtaa haujalikata. Liandike, tenga silabi, soma mbili za mbele peke yake, kisha mbili za nyuma peke yake. Muntasiri mbele ni Munta, linakwenda. Nyuma ni Siri. Mtoto uliyemtaka awe wazi kwa watu anaweza kuishia kuitwa Siri mpaka anaoa.

Faraja mbele ni Fara, na nyuma ni Raja, yaani taraja, tumaini. Zote mbili salama. Tumaini mbele ni Tuma, na ndugu wote watakaomtuma dukani watalifurahia. Ni jina ninalolipenda, lakini mzazi alijue hilo mapema. Latifa nyuma ni Tifa, sina neno. Anisa halikatwi sana. Wachache watasema Ani, na hilo limekaa sawa.

Kwa maoni yangu jina la silabi tatu ndilo bora kwa mtoto unayetaka aitwe jina lake zima. Linatosha kuwa na uzito kwenye cheti, na ni fupi kiasi kwamba mtu mvivu hana sababu kubwa ya kulipunguza.

## Majina yanayodai

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha uchunguzi kutoka Kumasi, nchi ya Waashanti katika Ghana ya leo. Kule mtoto wa kiume wa Jumatatu huitwa Kwadwo na husemwa kuwa mtulivu. Wa Jumatano huitwa Kwaku na husemwa kuwa mgomvi. Jahoda alipopekua kumbukumbu za mahakama za vijana alikuta akina Kwaku wakiwa wengi kupita kiasi kwenye makosa ya ukorofi, na akina Kwadwo wachache. Siku ya kuzaliwa haimfanyi mtu mgomvi. Kwaku alikuwa akisubiriwa agombane tangu alipoanza kutembea.

Kina Juma, Jumanne na Khamisi wetu hawakupewa mzigo huo, kwa sababu siku zetu hazina tabia. Majina yetu ya maneno ndiyo yenye mzigo.

Mpe mtoto jina Jasiri. Ana miaka mitano, anapelekwa kuchomwa sindano, analia kama mtoto yeyote. Mtu mzima aliye karibu, bila ubaya wowote, atasema: "Jasiri gani analia?" Akikua atasikia methali, jasiri haachi asili, na ataisikia siku ambayo amerudi nyuma. Shujaa, Hodari, Mshindi, yote yana swali hilo likisubiri nyuma yake. Ni majina yanayodai. Mtoto aliyezaliwa na moyo mwepesi hana neno nayo. Aliyezaliwa mwoga, na wapo wengi, na hawana kosa, anajifunza kwamba jina lake mwenyewe linamshinda. Sijui njia ya haraka kuliko hiyo ya kumwondolea mtu kujiamini.

Sasa mweke Pendo kando yake. Pendo hatakiwi kufanya lolote ili awe Pendo. Amekwisha pendwa; jina linaeleza kilichotokea siku alipofika. Habiba vilevile. Zawadi vilevile. Anisa yuko katikati: linasema jambo juu ya wale walio karibu naye, kwamba wanaliwazika, na mtoto mkimya anaweza kuliwaza watu sawa na mwenye maneno mengi.

Kwa hiyo, kwa mzazi anayetafuta uchangamfu na ujasiri, ushauri wangu huenda ukasikika kinyume: liache jina la ujasiri, chukua jina la kupendwa.

Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko yana historia yake, na wazee waliyatoa wakiwa na sababu nzito, mara nyingi baada ya kuzika. Siwalaumu. Lakini kama hakuna wajibu wa kulirithisha, mtoto asianze kila mazungumzo kwa kuulizwa Shida una shida gani.

## Siku saba za kulijaribu

Siku ya saba ndiyo ya akika kwa Waislamu: nywele zinanyolewa, mnyama anachinjwa, jina linatangazwa. Hata asiye Mwislamu anaweza kuazima kipimo hicho cha siku saba. Chagua majina matatu, yasizidi. Kila moja lipe siku mbili ndani ya nyumba, nyote mkimwita mtoto kwa hilo tu. Siku ya saba mtaamua.

Siku mbili zatosha kufanya haya.

Simama mlangoni, mwenzio asimame hatua thelathini na mtoto, umwite mara moja tu. Kama imekubidi kurudia, jina limepotea njiani. Kisha liseme kwa kunong'ona, wakati wa kumlaza. Majina mengine ni ya kupiga kelele tu, hayabembelezeki. Utagundua ulimi unatafuta jina jingine wenyewe, na hilo jingine ndilo litakaloshika. Babuu alizaliwa hivyohivyo.

Halafu karipia. "We Latifa, hebu acha!" Sikiliza kama ukali umelifanya jina kuwa baya. Atalisikia hivyo mara nyingi kwa siku, miaka na miaka.

Mtambulishe kwa majina matatu kama yatakavyosomwa darasani: lake, la baba, la babu. Hapa ndipo majina mazuri yanapogongana. Amani Imani Amini ni majina matatu yenye heshima yanayosikika kama zoezi la silabi. Juma Jumanne Juma humfanya mwalimu aulize mara ya pili, na mtoto anayeulizwa mara ya pili kila siku huanza kulitaja jina lake kwa sauti ya chini. Kama jina la baba ni refu, la mtoto liwe fupi. Kama la baba linaanza kwa irabu, la mtoto lisiishie kwa irabu ileile: Anisa Abdallah, likisemwa haraka, linakuwa Anisabdallah. Anisa Juma linasimama vizuri.

Mpigie simu ndugu asiyelijua jina, umtajie mara moja, mwambie akuandikie ujumbe. Alichoandika ndicho makarani watakachoandika.

Na la mwisho, mtafute mtoto wa jirani wa miaka mitatu au minne, mwambie amwite. Watoto wa umri huo wengi bado hawajaishika r, wataifanya l: Bashiri atakuwa Bashili, Sharifa atakuwa Shalifa. Mwanao naye atajitaja hivyo kwa muda, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale mtoto anapolikwepa jina kabisa na kusema "huyu." Jina ambalo mtoto hawezi kulitaja halimsaidii kupata rafiki wa kwanza.

## Karatasi isije ikamnyima jina

Sehemu hii haina uzuri, lakini ndiyo inayoumiza watu wazima.

Tanzania Bara, kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Kenya ni ndani ya miezi sita, baada ya hapo unahesabiwa umechelewa. Muda huo unatosha kabisa kwa siku saba zile na zaidi. Haraka ya kitandani hospitalini, mama hajalala, nesi ana kalamu mkononi, ndiyo inayozaa majina ambayo hakuna aliyeyachagua.

Amua tahajia moja kabla hujafika dirishani. Khadija au Hadija. Khamis au Hamisi. Thabiti au Sabiti. Dhahabu au Zahabu. Sauti za kh, th, dh na gh zinatamkwa vizuri mwambao, lakini bara wengi watazirahisisha, na karani ataandika alichosikia. Herufi moja iliyoandikwa mara mbili ni mtego mwingine: Hassan na Hasani kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Mtoto akifika kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile, kurekebisha kutamgharimu viapo, nauli na siku za kusimama kwenye foleni, na kila ofisi itamwuliza yeye ni nani hasa.

Liandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, umkabidhi karani badala ya kulitamka. Akimaliza, soma herufi kwa herufi kabla hujaondoka. Kadi ya kliniki nayo iwe na tahajia ileile, kwa sababu karatasi nyingine hunakiliwa kutoka humo.

Majina kama Goodluck, Happiness na Godlisten yamekaa vizuri Kilimanjaro na kwingineko, na mtoto wa huko hulibeba bila shida. Anayelichukua mahali lisikozoeleka ajue litaandikwa kwa namna tatu au nne tofauti.

## Jina la babu, na mama asiyeweza kulitaja

Sasa nirudi kwa Babuu, maana nadhani naelewa kilichotokea.

Katika familia nyingi jina la mtoto si la wazazi kuchagua. Wakikuyu wana mpangilio kamili: mvulana wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Kwingineko ni desturi tu isiyo na ratiba, lakini shinikizo ni lilelile. Na katika jamii nyingi mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Mtoto akipewa jina la mkwe, mama anabaki na jina asiloweza kulitoa kinywani. Anasema Babu. Babu linavutwa kuwa Babuu. Jina la cheti linalala kwenye kadi.

Kurithisha jina kuna hazina yake. Mtoto anapata somo, mtu mzima anayemwita wajina na kumchukulia kama nafsi yake ya pili. Mtoto mwenye somo mzuri ana mlango mmoja zaidi wa kubisha hodi, na hilo linajenga kujiamini kuliko maana yoyote. Angalia tu ni babu gani. Ndugu watamtafuta mtoto kwa macho ya yule aliyetangulia, na kila ukaidi wake utaambiwa, huyu ni mzee yuleyule.

Pale ambapo mwiko wa kutaja upo, mkubaliane mapema jina la pili, la siku zote, na nalo lipite kwenye majaribio yaleyale. Lisiachwe lijizukie jikoni. Na wale wasiofungwa na mwiko, baba, shangazi, kaka wakubwa, wao wamwite kwa jina la cheti kila siku, ili alisikie kutoka kinywa cha mtu anayempenda kabla hajalisikia kutoka kinywa cha nesi.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililofanyiwa watoto wa miezi minne na nusu. Waliwasikilizisha majina mbalimbali kwenye spika, na watoto wakageuka na kusikiliza kwa muda mrefu zaidi lilipotajwa jina lao, hata pale jina la kulinganisha lilipokuwa na mkazo uleule. Umri huo hawajasema neno hata moja. Wanajua namna wanavyoitwa.

Yule wa kwenye benchi alikuwa na miezi minne tu. Akiitwa Muntasiri asubuhi wakati wa kuogeshwa, na Babuu usiku wakati wa kulazwa, kliniki ya mwezi ujao huenda akawa wa kwanza kugeuza shingo, kabla ya mama yake.